Leseni za lori zito binafsi Marekani: kwa wengi, daraja A isiyo ya biashara inaishinda CDL

Anayenunua kichwa cha lori kilichotumika, tuseme Volvo VNL au Freightliner Cascadia, ili avutie nyumba yake ya magurudumu au trela la farasi wake, hupewa ushauri wa aina mbili. Mmoja atamwambia: mali ni yako, humbebei mtu mzigo, leseni ya gari dogo inatosha. Mwingine atamwambia: lori ni lori, nenda kachukue CDL (leseni ya udereva wa biashara). Kila upande una ukweli kidogo, na kila upande umewaingiza watu hasara. Hapa tunazipima leseni tatu ambazo mwenye lori zito la matumizi binafsi nchini Marekani anaweza kujikuta nazo mfukoni: ya kawaida, ya daraja A au B isiyo ya biashara, na CDL yenyewe. Tunachoangalia ni kile unachopata kwa muda, pesa na usumbufu unaoutoa.

Kwanza kibandiko. Fungua mlango wa dereva utazame ubavuni, utakuta kibandiko cha kiwandani chenye herufi GVWR. Hiyo ni namba ya uzito wa juu kabisa ambao kiwanda kimeliruhusu gari kuwa nao, pamoja na watu, mafuta na mizigo. Trela nalo lina kibandiko chake, mara nyingi upande wa kushoto mbele. Sheria ya serikali kuu inaweka mpaka kwenye pauni 26,001, yaani kilo 11,794. Gari moja lenye namba hiyo au zaidi ni la daraja B. Gari na trela vikijumlishwa vikafika hapo, na trela peke yake likazidi pauni 10,000 (kilo 4,536), hilo ni daraja A.

Wengi wanateleza kwa kudhani kinachopimwa ni uzito wa siku hiyo. Kinachotumika ni namba ya kibandiko au uzito halisi, ule ulio mkubwa zaidi. Pikapu yenye magurudumu mawili mawili nyuma, kibandiko pauni 14,000, ikivuta trela la pauni 16,000, inafika 30,000. Hilo ni daraja A hata kama trela ni tupu na mzani unasoma 21,000. Kinyume chake, pikapu ya 11,500 na trela la 14,000 ni 25,500, na haivuki mpaka, almradi hujaijaza kupita kiasi na kibandiko chake hakitaji jumla kubwa kuliko hiyo.

Kichwa cha lori hakina mjadala. Chenye ekseli tatu kwa kawaida ni pauni 12,000 mbele na 40,000 nyuma, jumla 52,000. Maana yake ni kwamba hata kikiwa peke yake bila trela tayari ni daraja B. Wapo wanaong'oa ekseli moja ya nyuma ili kufupisha gari na kupunguza matairi. Kazi hiyo ina faida zake, lakini kwa upande wa leseni haisaidii chochote: 12,000 na 20,000 au 23,000 bado ni 32,000 hadi 35,000. Njia halali ya kukaa chini ya mpaka ni gari ambalo kiwanda chenyewe kimelipa namba ndogo, kama Freightliner M2 zenye kibandiko cha 26,000. Lakini ukiiunganisha na trela linalozidi 10,000 umeshaingia daraja A. Na kibandiko kilichochapwa na fundi wa mtaani si kibandiko.

Baada ya uzito linakuja kusudi. CDL ilizaliwa na sheria ya mwaka 1986, majimbo yakapewa hadi tarehe 1 Aprili 1992 kuitekeleza, na kanuni zake ziko sehemu ya 383 ya kanuni za usafiri za serikali kuu. Tangu mwanzo imefungwa kwenye neno moja: biashara. Anayesafiri na nyumba yake kwa likizo hayumo. Ndiyo maana serikali kuu haimlazimishi CDL, na pia haimdai namba ya DOT (idara ya usafiri ya serikali kuu) wala cheti cha daktari. Lakini serikali kuu kutokudai hakulizuii jimbo kudai, na leseni hutolewa na jimbo. Hii ndiyo sentensi ambayo wauza malori huwa hawaimalizi.

Mpaka wa biashara nao una kona zake. Mtu anayepeleka farasi wake au gari lake la mashindano, akashinda zawadi ya pesa, bado anahesabiwa kuwa hayuko kazini kwa masharti haya: zawadi aitangaze kama mapato ya kawaida kwenye kodi, gharama za shughuli hiyo asizikate kama gharama za biashara, na pasiwe na udhamini wa kampuni. Ukibandika jina la mdhamini ubavuni mwa trela au mhasibu wako akaandika dizeli kama gharama ya biashara, hoja ya matumizi binafsi imekufa. Maandishi ya "si la kukodishwa" mlangoni hayaifufui. Yanamsaidia askari kujua aanzie wapi maswali, basi.

Sasa leseni zenyewe.

Leseni ya kawaida ndiyo rahisi kuliko zote, na katika baadhi ya majimbo kweli inatosha kwa nyumba inayojiendesha (yenye injini yake, isiyovutwa) hata ikizidi pauni 26,000. Florida ni mfano: leseni ya daraja E, ile ile ya gari dogo, inamruhusu mwenye nyumba ya magurudumu ya burudani kuiendesha. Kwa gharama hakuna kinachoipita, kwa kuwa tayari unayo. Kasoro yake ni kwamba msamaha umeandikwa kwa ajili ya gari la burudani, na kichwa cha lori kilichosajiliwa kama lori si gari la burudani kwa sababu tu wewe unakitumia hivyo. Wamiliki wengi hukibadilisha kichwa kiwe nyumba inayojiendesha kwenye hati za usajili: kitanda, jiko, maji, choo, umeme, kadiri jimbo linavyodai, kisha ukaguzi. Bila hati hiyo, msamaha unabaki kuwa maoni yako dhidi ya ya askari. Kuna jambo la pili tunaloliona kubwa zaidi: hakuna aliyekupima. Gari la mita 20 lenye breki za upepo linaendeshwa na mtu ambaye mara ya mwisho alitahiniwa kwenye gari dogo la kodi.

Daraja A au B isiyo ya biashara ndiyo tunayoipendekeza pale ambapo jimbo lako linaitoa. Texas, Pennsylvania, Maryland, North Carolina, Illinois, Nevada na Wyoming zinayo. South Carolina inaiita kwa herufi nyingine: E kwa gari moja zito na F kwa gari na trela. New York imechukua njia ya mkato nzuri, alama R juu ya leseni ya kawaida, kwa gari la burudani linalozidi 26,000, na mtihani wa barabarani lazima. Michigan nayo ina R, ila yake ni kitu tofauti kabisa: ni ya wanaovuta matrela mawili, nyumba na nyuma yake mashua kwa mfano. Usichanganye hizo mbili kwa kuona herufi moja.

California inastahili aya yake, kwa kuwa huko ndiko makosa yanakozaliwa kwa wingi. Nyumba ya kuvutwa yenye kibandiko kinachozidi pauni 10,000, au ya aina ya kukaa juu ya sahani (kiungio kilicho juu ya gari linalovuta, si nyuma yake) inayozidi 15,000, inahitaji daraja A isiyo ya biashara. Ile ya sahani iliyo kati ya 10,001 na 15,000 inahitaji alama ya ziada tu kwenye leseni ya C, ile ya gari dogo. Nyumba inayojiendesha inapimwa kwa urefu badala ya uzito: hadi futi 40 leseni ya C inatosha, zaidi ya hapo hadi futi 45 ni daraja B isiyo ya biashara. Daraja hizo mbili zina dodoso la afya, fomu DL 546. Halafu kuna mtego wa ekseli: leseni ya C haichukui gari la ekseli tatu linalozidi pauni 6,000, isipokuwa nyumba inayojiendesha. Kwa hiyo kichwa cha ekseli tatu kilichosajiliwa kama lori kinakutoa nje ya leseni ya C hata kabla hujakiunganisha na kitu. Usajili wa gari na daraja la leseni huko vinakwenda pamoja, ukianza na kimoja bila kingine utarudi dirishani.

Tuseme basi umeamua kufanya mtihani wa daraja A isiyo ya biashara. Maswali ya kuandika hutoka kwa sehemu kubwa kwenye kitabu cha CDL cha jimbo. Kitabu ni bure na ni kizuri kuliko video nyingi za kulipia. Soma sura ya uendeshaji kwa jumla, ya magari yenye trela, na ya breki za upepo, hata kama jimbo lako halikuulizi breki za upepo. Za mizigo ya hatari, abiria na matangi ziruke.

Siku ya barabarani ndipo huduma hii inapopoteza nyota yake. Unatakiwa uje na gari lako mwenyewe la daraja unaloliomba, nawe huruhusiwi kulileta peke yako: lazima usindikizwe na mwenye leseni ya daraja hilo. Mwenye lori la kwanza maishani humpata wapi mtu huyo? Dereva wa CDL wa daraja A anafaa, na wengi humlipa nusu siku. Panga hilo kabla ya kupanga tarehe. Hakikisha bima, usajili na ukaguzi viko hai kwa kichwa na kwa trela pia. Na trela liwe na kibandiko kinachosomeka. Trela kuukuu ambalo kibandiko chake kimefutika kwa jua ni sababu tosha ya mtahini kukurudisha, maana hana namna ya kujua kama linazidi 10,000. Kuazima trela dogo ili iwe rahisi kupiga rivasi ni kosa lile lile kwa mlango mwingine: jumla ikipungua, unatahiniwa daraja usilolihitaji.

Breki za upepo zinaangusha watu kuliko rivasi. Utaratibu wenyewe ni huu. Jaza tangi mpaka kidhibiti cha kompresa kikate, kwa kawaida kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 120 na 140. Weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini, kisha achia breki za maegesho kwa kusukuma ndani vifundo vya dashibodi. Kosa la kawaida ni kuacha kifundo nje. Mfumo unaonekana hauvuji kwa sababu upepo haujaenda unakotakiwa kwenda. Mshale wa kipimo cha upepo ukitulia, hesabu dakika moja: gari moja lisipoteze zaidi ya psi 2, lenye trela psi 3. Kanyaga breki ya mguu kwa nguvu, shikilia dakika nyingine: gari moja psi 3, lenye trela psi 4. Washa swichi bila kuwasha injini, anza kukanyaga na kuachia. Taa au king'ora cha upepo mdogo lazima kiwake kabla hujashuka chini ya psi 55, na vitabu vya zamani vinasema 60. Endelea kukanyaga, na kati ya psi 20 na 45 vifundo viruke nje vyenyewe. Mwisho washa injini na utazame upepo unavyorudi: kutoka 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45.

Ukishindwa kwenye hatua ya mguu peke yake, mvujo mara nyingi uko kwenye chemba za breki au mipira yake ya magurudumuni. Ukishindwa hata kabla ya kukanyaga, tafuta kwenye tangi, vali na maungio. Upepo unaochelewa kujaa ni kompresa iliyochoka au kikausha upepo kilichojaa mafuta, na ukifungua bomba la chini ya tangi pakatoka uji wa kahawia badala ya ukungu, umeshapata jibu. Vichwa vilivyokaa uwanjani mwaka mzima vina tatizo la mikono ya breki pia. Breki zikiwa zimeachiwa, vuta mkono wa kurekebishia kwa nguvu zako. Mkono huo ukitembea zaidi ya inchi moja hivi pale fimbo ya chemba inaposhikana nao, breki hiyo imelegea.

Kuunganisha trela nako kuna maksi. Mtahini anataka kukuona ukiinama na tochi. Taya za sahani ziwe zimeshika shingo ya kingpini (pini ya chuma chini ya trela), si kichwa chake, na pasiwe na mwanya kati ya sahani ya chini na ya juu. Kisha vuta mbele taratibu trela likiwa limefungwa breki kuhakikisha halichomoki. Kwa wanaovuta nyumba kuna nyongeza ambayo vitabu vya lori havina: breki za nyumba nyingi ni za umeme, na kichwa cha lori hakikutoka kiwandani na kifaa cha kuziendesha. Kisipofungwa, una tani 8 zinazosukuma bila breki. Chomoa waya wa dharura wa trela mbele ya mtahini, magurudumu yajifunge. Betri ya trela ikiwa imekufa hayatajifunga.

CDL tumeiweka mwisho kwa makusudi. Kama leseni, ni imara. Inakubalika popote, hakuna askari atakayeitilia shaka, na kwa yeyote anayefikiria kupokea hata dola moja kwa kubeba kitu, hakuna njia nyingine. Kwa mwenye nyumba ya likizo ni mzigo. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba daraja A au B kwa mara ya kwanza lazima apite kwa mkufunzi aliyeorodheshwa kwenye sajili ya serikali kuu, ambapo sehemu ya nadharia inahitaji asilimia 80. Kisha kibali cha mwanafunzi, ambacho ukae nacho siku 14 angalau kabla ya mtihani wa vitendo. Kuna cheti cha daktari aliyesajiliwa, kisichozidi miezi 24. Anayejitangaza kundi linalohitaji cheti hicho, akakiacha kiishe, jimbo humshusha leseni. Umri ni miaka 18 ndani ya jimbo na 21 kuvuka mipaka. Kwa CDL ya kawaida, uthibitisho wa uraia au ukaazi wa kudumu unahitajika, na Kiingereza cha kusoma alama na kujibu maswali ya afisa ni sharti linalosimamiwa kwa ukali tangu Juni 2025.

Wasichoambiwa wengi ni kwamba CDL inakufuata hadi kwenye gari la familia. Ukikamatwa umelewa kwenye gari dogo siku ya Jumapili na ukapatikana na hatia, CDL inaondoka mwaka mzima kwa kosa la kwanza. Makosa ya barabarani hayawezi kufichwa kwa kozi ya kujirekebisha kama ya dereva wa kawaida. Kwa nini ubebe hatari hiyo kwa safari mbili za kiangazi?

Ukiamua kuichukua hata hivyo, chagua gari la mtihani kwa akili, maana vizuizi huandikwa kwenye kadi. E inamaanisha ulitahiniwa kwenye gia za kujibadilisha, kwa hiyo gia za mkono haziruhusiwi. L ni kutokuruhusiwa breki za upepo. Z inakuja ukitahiniwa kwenye breki za upepo nusu, zile zenye mafuta ndani yake, kwa hiyo za upepo kamili haziruhusiwi. O inakuja ukitahiniwa na trela lisilokaa kwenye sahani. Shule nyingi sasa zina malori ya gia za kujibadilisha tu, na wanafunzi hutoka na E bila kuulizwa. Kama kichwa ulichonunua kina gia 10 au 13 za mkono, kadi hiyo haikutoshi.

Mambo mawili yasiyo ya leseni ila huja nayo. Ushuru wa barabara wa serikali kuu, fomu 2290, huanza kwenye uzito wa pauni 55,000, na hesabu yake hujumlisha trela unalolivuta kwa kawaida, kwa hiyo uzito unaouandika kwenye usajili uwe umefikiriwa. Na bima: kampuni nyingi za magari binafsi hukataa kichwa kilichosajiliwa kama lori, lakini zikakikubali kikiwa nyumba inayojiendesha. Pata barua ya bima kabla hujalipia gari.

Ukihama jimbo, CDL inabadilishwa ndani ya siku 30 na daraja linabaki lile lile. Leseni isiyo ya biashara haina uhakika huo: F ya South Carolina haina herufi inayolingana nayo katika kila jimbo, na huenda ukatakiwa kutahiniwa upya. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada popote, iandikie idara ya leseni ya jimbo lako swali lenye namba, usiulize kwa maneno dirishani: "Kichwa cha ekseli tatu, GVWR 52,000, kimesajiliwa kama nini, kinavuta trela la GVWR 18,000, mali yangu mwenyewe, bila malipo. Daraja gani?" Jibu litakalorudi lichapishe, ulikunje, ulitie pamoja na hati za usajili ndani ya gari.